Fumbo la Mwimbaji wa Shirati

Historia ya watu haihifadhiwi katika vitabu peke yake. Iko iliyohifadhiwa katika majina ya mito na vilima, iko katika makaburi, na iko katika nyimbo. Mwandishi huandika kwa ajili ya asomaye. Mwimbaji huimba kwa ajili ya kila mwenye sikio. Kwa sababu hiyo, mtu atakaye kuijua habari ya mwambao wa Ziwa Viktoria katika karne ya ishirini hana budi kuwauliza waimbaji wake, na miongoni mwa wa kwanza kuulizwa ni Daniel Owino Misiani, ambaye wasikilizaji wake nchini Kenya walimpa cheo cha Mfalme wa Historia.

Muziki wake na wa wenzake wasikika mahali pengi, lakini pa kuanzia ni Kondele. Huu ni mtaa ulioko kaskazini ya katikati ya jiji la Kisumu, kwenye barabara iendayo Kakamega. Mchana ni mtaa wa soko, wa karakana na wa abiria. Jua lichwapo, ni mtaa wa muziki. Mgeni apitaye hapo usiku husikia magitaa yakikimbizana na ngoma zikiitikia, naye hudhani kwamba anasikia furaha tupu. Ajuaye Kijaluo husikia na jambo jingine. Chini ya ngoma zile husikia habari za kifo, za njaa, za usaliti na za wakubwa waliosahau ahadi zao. Maneno mazito yamevikwa nguo za sherehe. Si ajabu iliyotokea kwa bahati; ina asili yake, na asili hiyo ni ya zamani kuliko gitaa.

Kabla ya gitaa ilikuwako nyatiti. Hii ni ala ya nyuzi nane, yenye sanduku la mti lililowambwa ngozi. Mpigaji hukaa juu ya kigoda kifupi, akaulaza mwili wa ala karibu na ardhi, akazidonoa nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili. Katika kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma, ambayo huigonga kwenye ukingo wa ala ili kushika mwendo, na mguuni hufunga njuga. Hivyo mtu mmoja huwa mpiga nyuzi, mpiga ngoma na mwimbaji kwa wakati mmoja. Mpigaji huyu aliitwa kwenye karamu na kwenye mashindano ya mieleka, lakini mahali alipohitajiwa kuliko pote palikuwa ni msibani. Huko alimsifu marehemu, akataja wazee wake na mahali walikotoka, akawalilia waliobaki. Waliomsikiliza waliweza kuukatiza wimbo kwa sarafu, wakajisifu wenyewe au wakawasifu rafiki zao, desturi iitwayo pakruok. Kilio na kicheko vilikaa katika ua mmoja.

Desturi hiyo ilimpa mwimbaji haki ambayo mtu mwingine hakuwa nayo. Mbele ya maiti, hapana mkubwa wala mdogo. Mauti huwasawazisha wote. Mwimbaji aliyezoea kusema mbele ya mauti hakuona vigumu kusema mbele ya chifu. Hata hivyo hakusema wazi. Alitumia methali, hadithi za wanyama na majina ya kupanga, kwa kuwa adabu ya wazee yataka neno kali lipitie mlango wa nyuma. Waswahili nao husema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua.

Misiani alizaliwa mwaka wa 1940 katika kijiji cha Nyamagongo, karibu na Shirati, upande wa Tanganyika. Hapa yafaa tutazame ramani. Mwaka wa 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana nchi hizi, na mstari wao ukalikata ziwa kwenye digrii ya kwanza kusini ya ikweta. Mstari ule haukuuliza nani ni ndugu ya nani. Wajaluo wengine walibaki kaskazini, katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya, na wengine walibaki kusini, katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, na baadaye Tanzania. Walioana kama zamani, wakazikana kama zamani, wakavua samaki katika maji yale yale. Lakini sheria iliwahesabu kuwa raia wa dola mbili. Mtoto wa Shirati alizaliwa kwenye ukingo wa mstari huo, na maisha yake yote yalikwenda akiuvuka.

Wazazi wake walikuwa waimbaji, lakini dini yao haikukubaliana na kazi ya muziki wa dunia, na kijana alipoonyesha nia ya kuishika kazi hiyo hawakupendezwa. Gitaa lilikuwa limekwisha kuenea katika nchi. Askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia walirudi nayo magitaa, na santuri za Kongo zilikuwa zikipigwa mijini. Vijana wa Kijaluo walilipokea gitaa, lakini hawakulicheza kama lilivyochezwa na wageni. Walizidonoa nyuzi zake moja moja, upesi upesi, kama vile nyatiti inavyodonolewa. Gitaa la kwanza lilifuata sauti ya mwimbaji na kumjibu. Gitaa la besi liliruka na kukaza mwendo kama ile pete ya chuma. Ndivyo ilivyozaliwa benga katika miaka ya 1950 na 1960. Hapana mtu mmoja awezaye kudai kwamba aliizaa peke yake, kwa kuwa wengi walikuwa katika kazi hiyo. Misiani alikuwa miongoni mwa walioitangulia njia, na wageni wa nchi za mbali walimwita babu wa benga.

Katika miaka ya 1960 alivuka mpaka akaingia Kenya kutafuta riziki kwa gitaa lake. Bendi yake ilibeba jina la kwao: Shirati Jazz. Jambo hili si dogo. Angaliweza kujiita kwa jina la mji mkubwa, kama wafanyavyo watu wengi watakao sifa. Yeye alichukua jina la mahali padogo, akaliandika juu ya santuri, na santuri zikalipeleka Shirati mahali ambapo hakuna aliyepata kuisikia. Lugha nayo haikubadilishwa. Aliimba zaidi kwa Kijaluo, lugha ya mama zake, ingawa Kiswahili kingalimpa wasikilizaji wengi zaidi Afrika ya Mashariki.

Kwa nini mtunzi ajifungie katika lugha ya watu wachache? Swali hili halihusu Kisumu peke yake. Katika mji wa Vienna, nchini Austria, mwimbaji Ludwig Hirsch alitoa mwaka wa 1978 santuri yenye jina Dunkelgraue Lieder, maana yake nyimbo za rangi ya kijivu iliyokoza. Aliimba kwa lafudhi ya mji wake, si kwa Kijerumani safi cha shuleni, na alisimulia habari za mauti, upweke na ukatili uliofichwa nyuma ya milango ya watu wenye heshima. Watunzi hawa wawili hawakuwa na uhusiano wowote, wala muziki wao haufanani. Lakini wote wawili walitambua jambo moja: neno la giza likisemwa kwa lugha ya nyumbani, msikilizaji hawezi kulikwepa. Lugha ya shule huingia akilini. Lugha ya nyumbani huingia hata pale mtu alipojificha.

Kwa Misiani ilikuwako sababu ya pili, nayo ni hatari. Tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya, waziri wa serikali na mtu wa mwambao huu, aliuawa kwa risasi mjini Nairobi. Tarehe 25 Oktoba mwaka ule ule Rais Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, ambayo wenyeji waliiita Russia, na ambayo haiko mbali na Kondele. Yeye na Jaramogi Oginga Odinga walitupiana maneno makali mbele ya umati. Mawe yalirushwa, walinzi wakafyatua risasi, na watu kadhaa wakauawa. Siku chache baadaye chama cha Odinga, KPU, kilipigwa marufuku, naye akatiwa kizuizini. Tangu siku hizo hofu ilikaa katika mji. Redio ya serikali ilikuwa ya pekee hadi miaka ya 1990, na mwaka wa 1982 sheria ilifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja. Maneno mengi yasiyoweza kusemwa jukwaani wala kuandikwa gazetini yalitafuta mahali pa kukaa, na mahali pamoja yalipokaa ni katika santuri ndogo za benga, zilizouzwa sokoni kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliweza kuilipa.

Hapo ndipo fumbo la nyatiti lilipofaa. Misiani aliwaimba wanyama, alisimulia visa vya kale na habari za Biblia, na wasikilizaji walijua ni nani asemwaye. Mfano mashuhuri ni wimbo wake Bim en Bim, wa miaka ya mwanzo ya 2000, ambao maana ya jina lake ni kwamba nyani ni nyani. Kwa masikio ya mtoto ni hadithi ya mnyama mharibifu wa mashamba. Kwa masikio ya mpiga kura wa wakati ule ulikuwa ni wimbo wa watu waliopewa madaraka wakalisahau agano. Polisi hawawezi kumshitaki mtu kwa kumtukana nyani. Hata hivyo ngao ya fumbo haikumkinga siku zote. Alikamatwa kwa ajili ya nyimbo zake, na mtu aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka alikuwa na hofu zaidi ya wenzake, kwa kuwa aliweza kuambiwa arudi kwao. Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, na haukufunguliwa mpaka mwaka wa 1983. Kwa miaka ile mtu wa Shirati akaaye Kenya alitenganishwa na makaburi ya wazee wake.

Wakati njia ya nyumbani ilipokuwa ngumu, njia za mbali zilifunguka. Mfanya biashara wa muziki Oluoch Kanindo alizipeleka santuri za benga kusini mwa Afrika, na huko Zimbabwe watu waliuita muziki huo kanindo, kwa jina lake. Mwaka wa 1989 santuri ya Misiani, Benga Blast!, ilitolewa Uingereza. Watu wasiojua hata neno moja la Kijaluo waliicheza wakafurahi. Tusiwalaumu, maana muziki mzuri ni mali ya kila mtu. Lakini yatupasa tuone kwamba walipokea nusu ya zawadi. Walipewa nguo ya sherehe, wasipewe neno lililovikwa nguo hiyo.

Tarehe 17 Mei 2006 Misiani alifariki dunia katika ajali ya barabarani mjini Kisumu. Aliyekuwa amewaimbia wengi waliokufa, sasa aliimbwa yeye.

Sasa tuangalie deni aliloliacha. Fumbo lilimlinda mwimbaji, lakini fumbo hilo hilo laweza kuipoteza historia. Aliyefunga mlango kwa ufunguo aliwapa ufunguo ule wasikilizaji wa wakati wake: wakulima, wavuvi, makarani na makondakta waliojua kila jina lililofichwa. Wasikilizaji hao sasa ni wazee. Kila mmoja wao azikwapo, ufunguo mmoja huzikwa pamoja naye, na wimbo ambao zamani ulikuwa ushahidi huanza kuwa sauti ya kuchezea tu. Santuri yaweza kudumu miaka mia. Maana yake haidumu bila mtu wa kuieleza. Yakitokea hayo, wajukuu wa Kondele watakuwa kama wale wachezaji wa ng'ambo, wageni katika nyimbo za babu zao.

Basi kazi ya mwanafunzi wa historia katika nchi hizi haikomi kwenye daftari la darasani. Na amwendee mzee aliyezisikia nyimbo hizi zilipokuwa mpya, amwulize: nyani huyu alikuwa nani? Kisa hiki kilitokea wapi, na mwaka gani? Na aliandike jibu pamoja na jina la wimbo, kisha amwulize na mzee wa pili, maana ushahidi wa mtu mmoja haukati shauri. Wataalamu wa vyuo vikuu wameianza kazi hiyo, lakini hawatafika katika kila kijiji. Mjukuu ndiye aliye karibu, na lugha anayo, kama hakuiacha.

Misiani hakuwaamuru watu kuipenda lugha yao. Alifanya zaidi ya hapo: alitia ndani yake mambo ambayo mtu asingeweza kuyapata mahali pengine. Lugha yenye hazina hailindwi kwa amri. Hulindwa na watu wanaotaka kujua kilichomo.