Jicho Lililochelewa Kusadikiwa

Kabla Ilemela, mkoani Mwanza, haijapata hadhi ya manispaa mwaka 2012, na kabla Hospitali ya Bugando haijafunguliwa mlimani mwaka 1971, mama wa Kayenze au Igombe, huko ufukweni mwa ziwa, aliyejaaliwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo hakuwa na ilimu ya kumwongoza ila ile ya kuyasoma macho: mwana akikikazia kikombe, ana kiu, akiugeukia mlango, ataka kutolewa nje, akifumba kwa makusudi, amekataa. Jirani akiambiwa kwamba mtoto huyu anafahamu kila neno, aghalabu aliitikia kwa adabu, akidhani moyoni kwamba ni mahaba ya mama ndiyo yanenayo.

Ilhali mama alikuwa akisema kweli. Ubongo wa mtoto ukikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au ukidhuriwa na umanjano mkali wa uchangani, huweza kupoteza amri juu ya mikono na ulimi, na akili ikabaki salama pamoja na macho yenye kutii.

Masikitiko ni kwamba elimu ya nchi hii iliwafikia wengine kwanza. Waanglikana waliwafungulia wasioona shule ya Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, wakasoma kwa vidole. Viziwi wakapata shule yao Tabora mwaka 1963, wakasema kwa mikono. Bali yule asiyetawala kidole wala mkono hakuwa na kiungo alichoweza kukileta mbele ya mwalimu kama hati ya akili yake.

Hata fasihi ilitangulia tiba katika jambo hili, kwani Alexandre Dumas, katika riwaya yake ya *Le Comte de Monte-Cristo* ya miaka ya 1840, alimpa mzee Noirtier aliyepooza mwili mzima uwezo wa kuandikisha wasia kwa macho. Nami napenda hasa kwamba mwandishi wa wasia alitaka ushahidi kwanza kwamba mzee anafahamu. Tiba ilifuata baadaye: mwaka 1971, huko Toronto, Shirley McNaughton alizichukua alama ambazo Charles Bliss alizibuni ili mataifa yapate kufahamiana, akawapa watoto wasio na usemi. Katika muongo huohuo ulienea ubao wa plastiki angavu, wenye tundu katikati na herufi pembezoni, mtoto akitazama herufi na mzazi, aliyeketi upande wa pili, akiufuata mtazamo wake. Kisha ikaja mashine: taa isiyoonekana huangaza jicho, kamera hupima mng'ao unaorudi, na neno lililokaziwa hutamkwa kwa sauti. Kampuni ya Tobii, iliyoanzishwa Sweden mwaka 2001, ni miongoni mwa zilizoieneza.

Mashine hiyo haimpi mtoto akili asiyokuwa nayo. Humpa shahidi asiye mzazi wake. Fauka ya hayo humsahihisha hata mama, kwa kuwa mama, kwa wema wake wote, huuliza yale tu aliyoyawaza, maji au uji au usingizi, na mtoto hana njia ya kuzua habari yake mwenyewe, kwamba redio imemchosha au kwamba nduguye humfinya gizani.

Lakini bei yake huhesabiwa kwa maelfu ya dola, nayo hutaka umeme, na mazoezi ya miezi mingi ambayo macho ya mtoto huchoka nayo upesi. Zaidi ya yote, jua kali huifunika ile taa yake, basi mashine hupenda chumbani, ilhali maisha ya ufukweni, kuanzia dagaa hadi mazungumzo, hupitia uani. Nao wataalamu wa usemi ni haba: Makerere ilianza kuwafundisha mwaka 2008, ikiwa ya kwanza Afrika Mashariki.

Siku hizi Microsoft ina sauti mbili za kompyuta za Kiswahili cha Tanzania, Rehema na Daudi, lakini hazisemi Kisukuma, lugha ya nyumbani huko ufukweni. Bibi wa Sangabuye akikata boksi, akatoboa tundu, akapanga picha pembezoni na kumketisha mjukuu mbele yake kivulini, ubao huo husema Kisukuma, kwa sababu anayeusoma ni yeye.