Fanny Eaton: Sura tunayo, jina twalisahau

Tukiona picha nzuri huuliza, “Nani aliichora?” Ni nadra kuuliza, “Huyu aliyechorwa ni nani?” Hebu tumtazame Fanny Eaton. Alizaliwa Jamaika mwaka wa 1835. Mamake, Matilda Foster, aliwahi kuwa mtumwa. Walihamia London, Fanny akaolewa na mwendesha gari la farasi, wakajaliwa watoto kumi. Riziki aliitafuta kwa vibarua vya usafi, na pia kwa kukaa mbele ya wachoraji. Mwaka wa 1860 Simeon Solomon alionyesha picha ya mamake Musa katika Royal Academy. Sura ile ni ya Fanny. Rossetti naye akamweka miongoni mwa wapambe wa bibi harusi. Jina lake halimo katika anwani za picha hizo.

Je, tumwite nani? “Mwanamitindo” hakufai, kwani huyo huonyesha mavazi. Fanny aliuza saa zake na sura yake. Napendekeza “mchorwa”, kwa mfano wa “mpendwa”. Alifariki mwaka wa 1924, na kaburi lake likawekewa jiwe la jina mwaka wa 2022. Basi nasi tumtaje.