Rocket League: Bao la Jaribio la Pili

Desemba 2015, katika hafla ya The Game Awards mjini Los Angeles, gemu ya studio ndogo ya San Diego iliondoka na tuzo mbili: gemu bora ya watengenezaji wanaojitegemea, na gemu bora ya michezo na mbio za magari. Waliokuwa wakiiona kwa mara ya kwanza waliisifia kwa ubunifu. Lakini wazo lenyewe lilikuwa na miaka saba sokoni, na miaka yote hiyo wengi hawakulijali.

Gemu hiyo ni Rocket League: mpira wa miguu usio na miguu. Magari matatu kwa matatu yenye roketi nyuma hugombea mpira mkubwa kuliko gari, ndani ya uwanja wenye kuta na dari, kwa dakika tano. Hakuna refa, hakuna faulo, hakuna mpira wa kurusha. Ukimgonga mpinzani kwa kasi ya kutosha gari lake linalipuka, naye anarudi uwanjani baada ya sekunde chache. Saa ikifika sifuri mchezo hausimami hadi mpira uguse chini, na ndiyo maana mabao mengi ya kusimuliwa yamefungwa wakati muda umeshakwisha.

Mzizi wake uko kwenye gemu za bunduki. Dave Hagewood, mwanzilishi wa Psyonix, ndiyo studio hiyo ya San Diego, alijulikana kwa kuongeza magari katika Unreal Tournament 2003 kwa hiari yake. Kampuni ya Epic Games ikapendezwa, ikampa kazi ya kutengeneza sehemu ya mapambano ya magari katika Unreal Tournament 2004. Baada ya hapo Psyonix ilitaka gemu yake yenyewe ya magari. Ilihangaika na namna mbalimbali za kuyapambanisha uwanjani, mpaka mpira ulipotupwa katikati yao.

Oktoba 2008 ikatoka kwenye PlayStation 3, kwa jina ambalo mtangazaji angelazimika kuvuta pumzi kabla ya kulitamka: Supersonic Acrobatic Rocket-Powered Battle-Cars. Wahakiki wakaipa alama za wastani. Wachache waliobaki nayo, hata hivyo, walishika jambo kubwa. Gari likiruka, pua ikaelekezwa juu na roketi ikawashwa, linapaa. Basi mpira ukaanza kuchezwa angani, kwa krosi na vichwa vya boneti, na video za mabao hayo zikazunguka mtandaoni.

Studio haikuweza kuishi kwa mashabiki hao peke yao. Kwa miaka kadhaa ilifanya vibarua kwenye gemu za wakubwa, zikiwemo Gears of War, Bulletstorm na Mass Effect 3. Watu husimulia historia ya gemu kana kwamba ni historia ya mawazo. Hapa ni vibarua vilivyolipa mishahara hadi 2013, walipolirudia wazo lao kwa bajeti isiyofika dola milioni 2.

Kanuni za uwanjani hawakuzigusa sana. Jina walilikata. Kazi kubwa ilikuwa chini ya boneti. Mpira unaogongwa na magari sita, kila moja likiendeshwa kutoka mji tofauti, ni mtihani mgumu kwa intaneti: ukichelewa kidogo, wewe unauona kushoto na mwenzako kulia. Psyonix ilitumia seva maalumu zinazoamua mpira uko wapi, na mahesabu ya mwendo hufanyika mara 120 kwa sekunde. Kompyuta ya mchezaji haisubiri jibu la seva. Inakisia mbele, kisha inajisahihisha ikikuta imekosea. Ikifanya hivyo vizuri, mchezaji hatambui lolote.

Tarehe 7 Julai 2015 Rocket League ikatoka kwenye kompyuta na PlayStation 4. Kwa waliojiunga na PlayStation Plus ilikuwa bure mwezi ule mzima. Kwangu mimi huo ndio uamuzi uliozaa mengine yote, maana gemu ya watu wengi isiyo na watu ni uwanja mtupu. Watu wakaja kwa mamilioni, seva zikazidiwa, na siku za mwanzo zikapita kwenye kuzima moto.

Kilichowafanya wabaki ni usawa. Magari yanatofautiana umbo, lakini hakuna linalonunulika kwa ajili ya kasi zaidi au roketi yenye nguvu zaidi. Fedha hununua rangi, magurudumu na kofia tu. Aliyecheza saa elfu moja humshinda mgeni kwa mikono yake.

Mwaka 2016 ikazoa tuzo tatu za BAFTA nchini Uingereza, na ligi ya kulipwa, RLCS, ikaanza. Januari 2019 Sony iliruhusu wachezaji wa PlayStation kukutana na wale wa mashine nyingine zote. Miezi michache baadaye Epic Games, ileile iliyompa Hagewood kazi, ikatangaza kuinunua Psyonix, na ule uhuru uliopewa tuzo ukaisha. Mwaka 2020 gemu ikawa bure kwa kila mtu. Msimu wa 2021–22 RLCS ikafungua kanda ya Afrika kusini mwa Sahara, yenye mashindano yake na njia yake ya kwenda ubingwa wa dunia.

Si kila hatua ya mmiliki mpya ilipokewa kwa vigelegele. Kabla ya gemu kuwa bure, msaada kwa kompyuta za Mac na Linux ulikuwa umeshakatwa. Desemba 2023 wachezaji wakazuiwa kubadilishana vitu vyao wao kwa wao, soko walilokuwa wamelijenga kwa miaka. Lakini uwanjani hakujaguswa: dakika ni tano, na mpira bado ni mmoja.