Chuku, Homa na Safura

Wengi leo huijua chuku katika usemi tu: kupiga chuku ni kuyatia maneno chumvi. Lakini chuku hasa ni pembe, chombo cha mwumishi. Mwumishi alichanja chale kwa wembe, akaibandika pembe juu yake, akaifyonza hewa kwa kinywa kisha akaziba tundu kwa nta. Damu ikakusanyika ndani. Wazee wetu wa pwani waliumikwa kwa maumivu ya kichwa, kwa mgongo, na hata kwa homa. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said wa Unguja, aliitaja tiba hiyo katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886.

Haikuwa tiba ya wajinga. Galen wa Wayunani, na baada yake Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037, walifundisha kwamba afya ni mizani ya vitu vinne: damu, balghamu, safura na sauda. Joto la homa likahesabiwa kuwa ni damu iliyozidi au kuchafuka. Basi na itolewe. Ulaya nayo iliwatoa damu wagonjwa wake kwa karne nyingi, hata Pierre Louis wa Paris alipowahesabu wenye homa ya mapafu, na mwaka 1835 akaonyesha kuwa faida yake ni haba mno.

Kwetu homa kuu ni malaria. Mwaka 1880 Laveran aliviona vimelea vyake katika damu ya mgonjwa huko Algeria. Robert Koch aliichunguza malaria Dar es Salaam mnamo 1897 na 1898, na kuanzia 1901 madaktari wa Kijerumani wakawapima damu wakazi wa mji huo na kuwapa kwinini waliokutwa na vimelea. Damu ikawa kitu cha kusomwa, si cha kumwagwa.

Hapa lugha yetu ina funzo. Safura kwa Kiarabu ni nyongo ya manjano. Kiswahili kikaligeuza neno hilo kuwa jina la ugonjwa wa kupungukiwa na damu. Na malaria huleta upungufu huo huo, kwani vimelea hupasua chembe nyekundu. Kumwumika mtoto mwenye malaria, basi, ni kuisaidia maradhi kazi yake.

Gongo la Mboto, kwenye njia ya Pugu jijini Dar es Salaam, mama mwenye mtoto anayechemka hahitaji pembe. Tone moja la kidoleni latosha kwa kipimo cha haraka. Vimelea vikionekana, ipo dawa ya mseto, iliyoanza kushika nafasi ya SP Tanzania Bara mwishoni mwa 2006. Anayependa kuumikwa kwa ajili ya mgongo wake ana hiari yake. Homa ya mtoto haingoji: kila saa inayopotea kwa mwumishi, damu yake inazidi kupungua.