Akiba ya Usalama

Katika kabrasha la semina moja ya wawekezaji wapya nilikuta maneno "ukingo wa usalama". Dada mmoja muuza mitumba, aliyekaa kiti cha pili na daftari lake mapajani, aliyanakili kwa mwandiko wa taratibu, kisha akaninong'oneza: "Kaka, ukingoni si ndipo watu wanapoanguka?"

Alisema kweli. Ukingo wa mto ni pale udongo unapomeguka, na ukingo wa meza ni pale kikombe kinapoponyoka. Aliyetafsiri "margin of safety" ya Kiingereza alichukua neno la pembeni mwa ukurasa akalipachika kwenye pesa za watu, na mtu makini akilisikia anaelewa kinyume kabisa. Linaniuma kosa hili, maana istilahi yenyewe ndiyo nguzo ya shule nzima ya uwekezaji.

Aliyeisimika nguzo hiyo ni Benjamin Graham, aliyezaliwa London mwaka 1894 akakulia New York, akafundisha Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1934 yeye na David Dodd walitoa kitabu Security Analysis, na katika The Intelligent Investor cha mwaka 1949 akaeleza kwamba wazo hili ndilo kiini cha uwekezaji. Hisa ni fungu la kampuni. Neno lenyewe tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana hiyohiyo ya fungu. Kampuni ina thamani yake, na bei inayotajwa sokoni leo huenda ikawa juu au chini ya thamani hiyo. Mnunuzi wa Graham hukadiria thamani kwanza, kisha hanunui mpaka bei iwe chini ya kadirio lake, tena chini sana, ili hata akiwa amekosea hesabu asiumie. Huo umbali kati ya bei na kadirio ndio tunaoutafutia jina.

Wako wanaosema "pengo la usalama". Pengo ni la meno, au la bajeti. Ni kitu kilichokosekana. "Mwanya" nao siku hizi ni wa wala rushwa. "Nafasi ya kukosea" nimeipenda kwa muda mrefu, lakini anayeisikia kwa mara ya kwanza hudhani anapewa fursa ya kufanya makosa.

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani. Kila sare ya shule aliyoshona aliiachia inchi nzima ya kitambaa ndani ya mshono wa ubavuni, na pindo la chini akalikunja mara mbili. Wapo wateja walionung'unika kwamba anawamalizia kitambaa. Januari iliyofuata mtoto alirudi amerefuka na kunenepa, shangazi akachukua wembe, akafumua mshono uzi kwa uzi, akashona upya karibu na ukingo wa kitambaa, gauni likamkaa. Nguo iliyokatwa sawasawa na mwili haina pa kufumuliwa. Ile inchi ya ndani aliiita akiba.

Hilo ndilo neno. Na kwetu akiba haikai benki tu. Anayegomba kwa hasira huambiwa aweke akiba ya maneno, asiyamalize yote, kwa kuwa huenda kesho ikabainika kwamba alikosea yeye. Ndani ya neno hili tayari mna unyenyekevu ambao Graham alihitaji sura nzima kuueleza. Kwa hiyo naandika "akiba ya usalama", nami nawaomba waandaaji wa makabrasha waandike hivyo. Nikiambiwa litachanganywa na akiba ya dharura, ile ya hospitali na ada, najibu kwamba hiyo ina jina lake, na sentensi yoyote inayotaja bei na thamani itaondoa utata.

Kuna faida nyingine. Kiingereza hutumia neno lilelile, "margin", kwa fedha anayotanguliza mtu anaponunua hisa kwa mkopo wa dalali. Kabla ya anguko la soko la hisa la mwaka 1929 wanunuzi waliweza kutanguliza hata asilimia 10 tu, kilichobaki kikawa deni. Neno moja likabeba kinga na hatari kwa pamoja. Sisi hatuna sababu ya kuurithi mkanganyiko huo: ile iitwe amana ya mkopo, hii iitwe akiba ya usalama. Hatari yenyewe haikuwa ya maneno tu: kati ya Septemba 1929 na Julai 1932 kipimo cha bei za hisa cha Dow Jones kilishuka kutoka 381 hadi 41, na mfuko aliousimamia Graham mwenyewe ukapoteza takriban asilimia 70. Aliyeandika kitabu cha mwaka 1934 alikuwa ameungua.

Akiba hiyo, hata hivyo, haizuii bei kushuka. Mwaka 1973 Warren Buffett, mwanafunzi wa Graham, alinunua hisa za kampuni ya gazeti la Washington Post wakati soko lilipoithamini kampuni nzima kwa dola milioni 80 hivi, ilhali kwa hesabu yake mali za kampuni zingeuzika kwa milioni 400 au zaidi. Alilipa dola milioni 10.6. Mwishoni mwa mwaka 1974 fungu lake lilikuwa na bei ya milioni 8 hivi. Hakuuza.

Swali linalonisumbua zaidi ni jingine: akiba ikiwa ndani ya kampuni, ufunguo anao nani? Mwaka 1926 Graham alikuwa akisoma ripoti za makampuni ya mabomba ya mafuta katika ofisi za serikali mjini Washington. Akaona kwamba Northern Pipe Line, moja ya makampuni yaliyotokana na kuvunjwa kwa Standard Oil mwaka 1911, ilikuwa na hati fungani za thamani ya dola 95 hivi kwa kila hisa, nayo hisa iliuzwa dola 65. Bomba lenyewe ni kama ulipewa bure. Alinunua, akawaendea wakuu wa kampuni kuwaomba wazigawe fedha zisizo na kazi. Walimjibu kwamba wao ndio wanaoijua biashara, na kama hapendi, auze. Januari 1927 alisafiri peke yake hadi Oil City, Pennsylvania, kwenye mkutano wa mwaka. Alipotoa hoja, hakupatikana mtu hata mmoja wa kuiunga mkono, na mkutano ukafungwa.

Mwaka mzima aliutumia kuwatafuta wenye hisa wenzake na kukusanya idhini zao za kura. Januari 1928 alirudi na mawakili na kura za kutosha viti viwili kati ya vitano vya bodi. Wiki chache baadaye wakuu walewale walikubali kugawa. Hatimaye kila hisa ililipwa dola 70, na mwenye hisa akabaki na fungu lake la bomba.