Mtoto Aliyeitwa Mtumwa

Katika nyumba zetu za Ibra na Nizwa, zikitajwa kasida, wa kwanza kutajwa ni Abu Muslim al-Bahlani, mzaliwa wa Wadi Bani Ruwaha aliyefariki Unguja mwaka 1920. Ni haki yake. Lakini yeye alikuwa mtoto wa kadhi, na aliililia Oman. Kwa dhiki za mtoto wa kimasikini hatuna budi kumwendea Siti binti Saad.

Alizaliwa Fumba, Unguja, miaka ya 1880, kwa wazazi watumwa, na jina alilopewa ni hilo hilo: Mtumwa. Hakusomeshwa, alifinyanga vyungu na kuviuza. Jina la Siti, yaani bibi, alilipata ukubwani kwa sauti yake. Wapinzani wakamsuta kwa mashairi kuwa kaja mjini na kaniki, naye akawajibu kwa mashairi. Katika "Kijiti" aliimba mauaji ya mwanamke mja mzito: muuaji akakimbilia bara, mashahidi wakatiwa hatiani. Mtoto yule hata jina hakupata.

Santuri za Siti, zilizoanza kurekodiwa Bombay mwaka 1928, wazee wetu walizipenda mno, na wamo waliozisikiliza huku wakihudumiwa na watoto wa watumwa wao wa zamani. Utumwa ulifutwa Unguja mwaka 1897. Huku Oman, mwaka 1970. Nasaba tunazozichapa humu hazina watoto hao. Mwenye kuyakumbuka majina yao, awe Sur au kwengineko, ayalete yaandikwe.