Panga la Mchai: Historia Fupi ya Mogogosiek

Mchai ukiachwa ujiotee huwa mti wa mita kumi na zaidi. Huko Mogogosiek, katika Konoin ya Kaunti ya Bomet, haufiki kifuani mwa mtu. Aliyeuzuia ni mpogoaji, naye katika masimulizi ya chai hutajwa kwa nadra.

Kenya ilipanda chai kwanza Limuru, mwaka 1903. Miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaanzisha mashamba makubwa Kericho, katika ardhi waliyopokonywa Wakipsigis. Wenyeji wakawa vibarua: walishika panga la kupogolea kabla ya kumiliki hata mche mmoja, kwani hadi miaka ya 1950 Mwafrika hakuruhusiwa kulima chai. Mwaka 1964 ikaundwa KTDA, mamlaka ya kuendeleza chai ya wakulima wadogo, na wakulima wadogo wa Konoin, sawa na wenzao wa wilaya nyingine za milimani, wakapanda yao. Leo majani yao husagwa katika kiwanda cha Mogogosiek.

Ufundi wenyewe haukubadilika sana. Kila baada ya miaka mitatu au minne, msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti, shina hukatwa inchi mbili juu ya kovu la mara iliyopita. Panga huwa kali, mkato mmoja, shina lisipasuke. Mkato hufuata mteremko wa kilima, ndipo meza ya kuchumia, yaani sehemu bapa ya juu ya michai, ikae sawa na ardhi. Matawi yaliyokatwa huachwa papo hapo yaoze, yarudishe rutuba. Anayeyabeba kuwa kuni anaiba mbolea yake mwenyewe. Meza ikipanda hata mchumaji akashindwa kuifikia vizuri, mchai hushushwa chini, uanze upya juu ya mizizi ileile.

Wajapani wanaujua ufundi huu. Huko Kyoto, katika bustani ya kifalme ya Shugakuin iliyoanzishwa karne ya 17, ukingo wa bwawa umefunikwa na vichaka vinavyokatwa kufuata mteremko, kizazi baada ya kizazi. Mtunza bustani wa kule hupokea mti aliouanza mtu asiyemjua, na humwachia mwingine. Mrithi wa shamba la chai Konoin hufanya hivyohivyo, ila yeye anadaiwa karo.

Hapo ndipo penye taabu. Mchai uliopogolewa hukaa miezi mitatu hivi bila kutoa jani la kuuza. Mwenye robo ekari huahirisha mwaka huu, na ujao pia. Meza hupanda, vichipukizi hudumaa, mapengo huongezeka.

Dawa ni kugawa shamba: pogoa theluthi moja kila mwaka, nyingine mbili zikulishe. Na wewe uliyerithi michai ya babu, usiing'oe kwa sababu imezeeka. Noa panga kwanza.